Shajara ya kiti cha dereva: kuirejesha ngozi iliyochakaa, Mbeya

Jumamosi, 14 Juni 2025

Kazi niliyoiahirisha tangu mvua zilipokatika imeanza leo asubuhi, uani kwangu hapa Iyunga. Gari ni Toyota Harrier ya mwaka 2001, yenye viti vya ngozi vya rangi ya kijivu inayoelekea udongo, na kiti kilichochakaa kuliko vyote ni cha dereva. Kwa kuwa kwetu usukani uko kulia, dereva huingia na kutoka akiuburuza mwili wake juu ya ubavu wa kulia wa kiti, na baada ya zaidi ya miaka 20 ya mburuzo huo ubavu umebakiwa na rangi mahali pachache tu. Kwingine ngozi imetoa nyuzinyuzi kama ukosi wa shati kuukuu, nyufa zimeikatakata kama majaruba ya Usangu wakati wa kiangazi, na karibu na mshono wa mbele kuna mpasuko wa sentimita 4 unaoonyesha sponji ya ndani.

Kabla ya kugusa chochote nilimpelekea gari fundi wa viti kule Mwanjelwa ili nipate neno la mtu anayeishi kwa kazi hiyo. Aliubonyeza ubavu kwa kidole gumba, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, ngozi hii imeshakufa. Tuivue, tukuvishe leza mpya, Jumatatu unakuja kuchukua gari lako."

"Nashukuru fundi, ila naomba kwanza nijaribu kuiokoa hii hii. Ikinishinda nitarudi kwako."

Hakuchukia. Aliokota vipande viwili sakafuni, akavigeuza nyuma ili nijionee: ngozi halisi mgongoni ina manyoya laini yasiyo na mpangilio, ilhali leza, yaani ngozi ya bandia, ina kitambaa kilichofumwa. Tulipochungulia chini ya kiti changu tulikuta kwamba ngozi imetumika pale mwili unapogusa tu, na kwamba pande za nje na nyuma ya egemeo ni leza iliyofananishwa rangi. Ni desturi ya watengenezaji wengi wa magari, na ni vyema kuifahamu mapema, kwa sababu dawa inayoifaa ngozi haiwezi kunyonywa na leza.

Sababu zangu za kukataa kuvisha upya ni mbili. Ya kwanza ni usalama: pembeni mwa egemeo kuna lebo yenye herufi SRS, maana yake ndani yake umo mfuko wa hewa ambao gari likigongwa ubavuni hutoka kwa kuupasua mshono uliotengenezwa makusudi upasuke hapo. Kava linaloshonwa mtaani kwa uzi mgumu, au linalovalishwa juu ya kiti kizima, linaweza kuuzuia mfuko huo au kuupotosha, na jambo hilo huonekana siku ya ajali, wakati hakuna tena nafasi ya kusahihisha. Ya pili ni kwamba ngozi yenyewe haijafa. Nimeivuta kwa vidole pande zote za nyufa na haikuachia. Kilichokufa ni rangi iliyo juu yake.

Nitalieleza hili kidogo, maana ndilo linaloamua kazi yote. Ngozi nyingi za viti vya gari hazionekani jinsi zilivyo. Baada ya kulainishwa kiwandani, mara nyingi kwa chumvi za kromu, hupakwa tabaka la rangi yenye gundi ndani yake, kisha tabaka jembamba la uwazi la kuilinda rangi. Tunachokigusa tukikaa ni tabaka hilo la juu. Jasho, mafuta ya mwili na vumbi, ambalo hukwangua kama msasa, hulila polepole; likiisha, rangi inaliwa; rangi ikiisha, nyuzi za ngozi zinabaki wazi, zinakunywa maji na jasho, zinakauka, zinapasuka. Kwa hiyo anayepaka mafuta ya nazi au ya alizeti juu ya kiti ambacho tabaka lake bado ni zima halishi ngozi chochote. Mafuta hukaa juu, yakakusanya vumbi, na hatimaye yakaanza kunuka.

Jumapili, 15 Juni

Nimekitoa kiti. Kabla ya kufungua chochote upande wa mfuko wa hewa, waya hasi wa betri hutolewa kwanza, kisha mtu husubiri. Maelekezo ya Toyota ni angalau sekunde 90, nami nilisubiri dakika 15 kwa kuwa sikuwa na haraka. Hata hivyo nilikosea mpangilio. Kiti hiki husogezwa kwa umeme, na bolti zake za nyuma huonekana tu kikisogezwa mbele kabisa. Nilipokumbuka hilo betri ilikuwa imeshafunguliwa, ikanibidi niirudishe, nikisogeze kiti mbele na nyuma ili nilegeze bolti zote nne kwa soketi namba 14, kisha nianze upya kusubiri. Atakayefuata njia hii na alegeze bolti kwanza, betri baadaye.

Plagi ya manjano chini ya kiti ndiyo ya mfuko wa hewa. Nimeichomoa bila kuvuta waya, na sikupima chochote humo kwa mita ya umeme, kwa sababu hata mkondo mdogo wa mita unaweza kuufyatua. Funguo za gari nimempa mke wangu azifiche, kwani swichi ikiwashwa kiti kikiwa nje, taa ya hitilafu ya mfuko wa hewa huwaka na huenda isizimike bila mashine ya kusoma makosa.

Jumamosi, 21 Juni

Siku nzima nimesafisha, na ningependa anayesoma aamini kwamba katika kazi hii usafi ni zaidi ya nusu.

Nilianza na sabuni laini isiyo kali, niliyoipiga ikawa povu tupu, brashi ya nywele laini, na vitambaa vya pamba. Povu linapakwa, si maji, kwa sababu ngozi iliyo wazi hunywa maji ikavimba, na ikikauka hukakamaa. Nilisugua kipande cha ukubwa wa kiganja kwa wakati mmoja, nikafuta kabla povu halijakauka, nikahamia kingine. Ndoo ya kwanza ilitoka kahawia, ya pili kahawia. Ya tatu ilitoka nyeusi, na hapo nikajua ninapambana na nini: rangi ya viatu.

Ni jambo linalonikera, nami nitalisema wazi. Kwenye maegesho mengi ya magari yanayouzwa, viti vilivyochakaa hupakwa rangi ya viatu ili ving'ae siku mnunuzi anapokuja. Nta yake haikushika tabaka la kiwandani, imekaa juu tu; jua likipiga, inalainika na kuhamia kwenye nguo za watu. Shati langu la sare ya sherehe liliharibika hivyo mwezi wa kwanza wa kumiliki gari hili, na wakati ule nililaumu mvua. Lakini ubaya mkubwa zaidi ni huu wa leo: rangi yoyote nzuri itakayopakwa juu ya nta itabanduka kama ganda la kitunguu.

Nta haitoki kwa sabuni. Nilitumia alkoholi ya isopropili kwenye kitambaa kilicholowana kiasi, si cha kuchuruzika, nikifuta mara moja na kugeuza upande safi kila mara, maana anayerudia kwa upande ule ule anairudisha nta alikoitoa. Thina sikuigusa. Ni kali mno, inakausha ngozi na kuyeyusha hata gundi zilizo chini. Hadi jioni nilikuwa nimemaliza vitambaa 19, na cha mwisho kilitoka na doa hafifu la rangi asilia ya kiti, ishara kwamba nta imekwisha na nimefika kwenye kitu chenyewe.

Kipo kipimo rahisi cha kujua kama pako tayari: tone la maji. Penye tabaka zima tone linasimama kama lulu. Palipochakaa linazama na kuacha duara jeusi. Lakini panapochakaa na bado tone halizami, ujue kuna nta au dawa ya kung'arisha dashibodi imebaki. Nimepata sehemu mbili za namna hiyo, zote karibu na mshono.

Jumapili, 22 Juni

Kiti kinakauka ndani ya nyumba, mbali na jua. Sina la kuandika zaidi.

Jumamosi, 28 Juni

Nimejifunza mengi leo kwa mzee mmoja fundi viatu ambaye banda lake liko Soweto, mtu aliyeshika kisu cha ngozi kabla mimi sijazaliwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamwonyesha picha ya mpasuko.

"Kiraka unaweka juu au chini?" aliniuliza.

"Chini, mzee. Nimekata jinzi."

"Vizuri. Sasa mwanangu, hiyo jinzi umeikata pembe nne. Pembe zitakuja kuonekana juu kama mfupa wa mtu mgonjwa. Ikate mviringo, halafu ichambue nyuzi za ukingoni ziwe kama ndevu."

Alikuwa sahihi kabisa. Nimeupitisha mviringo wa jinzi, wenye sentimita 2 za ziada kila upande, kupitia mpasuko wenyewe kwa koleo dogo, nikaulaza chini ya ngozi, kisha nikapaka gundi ya maji inayobaki laini ikikauka. Gundi ya viatu mzee mwenyewe alinikataza: inashika sana, alisema, lakini chini ya mtu anayekaa na kuinuka inakuwa kigae. Baada ya hapo niliziunganisha kingo za mpasuko bila kuzipandisha, nikaweka karatasi ya nailoni juu yake na kitabu kizito juu ya nailoni.

Wakati gundi ikikauka niliinua kava la kalio upande wa ubavu. Limeshikwa kwa pete za waya zilizobanwa kwenye fito zilizozama ndani ya sponji. Nimezikata sita na nitazirudishia kwa vifungo vya plastiki vya kubania nyaya. Sponji ya ubavuni ilikuwa imemomonyoka ikawa unga, na hapo nikaelewa kwa nini ngozi ilipasuka mahali pale: haikuwa na kitu cha kuegemea, kwa hiyo ilikuwa ikikunjwa kila siku kwenye mstari ule ule. Kiraka kisichotanguliwa na sponji mpya kingedumu miezi michache tu. Kipande cha godoro la kawaida ni laini mno, kinalala baada ya wiki chache. Nimepata mabaki ya sponji ngumu kwa mtengeneza makochi, nikayachonga kwa kisu cha mkate hadi umbo likafanana na ubavu wa kushoto, nikayagandisha.

Mshono wa mbele wa kalio, ambao uzi wake ulikuwa umeoza, nimeushona kwa mkono kwa uzi wa nailoni, sindano mbili zikipishana katika matundu yale yale ya zamani. Tundu jipya ni ufa mpya unaosubiri. Mshono wa egemeo wenye mfuko wa hewa sikuugusa, na sitaugusa.

Jumamosi, 5 Julai, hadi Jumatatu, 7 Julai

Siku tatu nimezitumia kwa nyufa, kwa kuwa Sabasaba imeangukia Jumatatu na shule imefungwa.

Kwanza msasa namba 400, kwa mkono mwepesi, kuondoa nyuzi zilizosimama na kusawazisha midomo ya nyufa, nikiwa nimevaa barakoa. Kisha dawa nyembamba ya kushikamanisha nyuzi, ambayo nimeiagiza Dar es Salaam pamoja na rangi ikaja kwa basi. Inapakwa kwa sponji, inanyonywa, inakauka, inarudiwa. Baada ya mara ya nne ngozi ya ubavuni, iliyokuwa kama karatasi ya mfuko wa saruji, ilirudiwa na uimara bila kupoteza ulaini. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia kufurahi kwa jambo la kiti.

Baada ya hapo ndipo kijazio. Kishawishi ni kukijaza kwa wingi mara moja, na kishawishi hicho kinaharibu kazi za wengi, kwa sababu kijazio kinene hukauka juu na kubaki kibichi chini, halafu hunywea na kuacha bonde. Nimekipaka kwa kadi ya plastiki ya simu iliyokwisha, tabaka jembamba kiasi cha kuonekana ngozi chini yake, mara saba kwenye nyufa za kina na mara mbili au tatu kwenye zile nyepesi, nikipitisha msasa namba 600 katikati. Zile nyufa ndogo ndogo zilizo kama mikunjo ya uso sikuzijaza. Kiti cha mwaka 2001 kina haki ya kuonyesha umri wake, na uso uliojazwa kila mahali unafanana na leza.

Jumamosi, 12 Julai

Kuchanganya rangi. Nina nyeupe, nyeusi, manjano ya udongo na nyekundu iliyokolea. Swali la kwanza ni kuifananisha na nini, maana kiti kimoja kina rangi tatu: ile ya chini ya mto wa kichwa ambayo haijaona jua, ile ya kalio iliyofifia, na ile ya kiti cha abiria. Nimechagua ya kiti cha abiria, kwa kuwa ndicho kitakachoonekana sambamba na hiki kila siku.

Rangi hii ya maji ikiwa mbichi huonekana nyeupe zaidi, kisha hukolea ikikauka, hivyo kila jaribio nimelipaka kwenye kipande cha ngozi, nikalikausha kwa mashine ya nywele, nikalipeleka nje kwenye kivuli. Chini ya taa ya ndani mchanganyiko wa tano ulifanana kabisa. Nje ulikuwa na uwaridi. Wa tisa ndio uliokubali pote. Nyeusi huongezwa kwa ncha ya njiti, si kwa tone.

Jumapili, 13 Julai

Nimekosea, na kosa lenyewe ni la Mbeya hasa. Nilitaka kupaka tabaka la kwanza kabla ya kwenda ibadani, saa moja asubuhi, wakati upepo wa Loleza haujaanza kurusha vumbi. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na asubuhi za Julai ni za koti na kofia. Rangi ya maji si chumvi inayokauka tu: ni chembe za gundi zinazoelea, ambazo maji yakiondoka zinapaswa kulainika na kuungana ziwe utando mmoja, na kwenye baridi haziungani. Niliporudi saa sita nilikuta uso mkavu lakini wa unga, ukitoka kwa kidole. Nimeufuta wote kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Hasara ni asubuhi moja na rangi kidogo.

Jumamosi, 19 Julai

Leo nimepaka kati ya saa tano na saa tisa mchana, ndani ya chumba cha stoo chenye bati lililokwisha kupata joto, nikiwa nimeilowesha sakafu kwa maji ili vumbi lisiinuke. Tabaka mbili za kwanza nimezigonga kwa sponji, maana kugonga huingiza rangi kwenye vinyweleo na kurudisha kidogo ule ukwaru wa ngozi uliopotea kwa msasa. Tatu zilizofuata nimezipuliza kwa bunduki ndogo ya rangi na kompresa niliyoazima kwa jirani, nyembamba kama ukungu, kila moja ikikauka kwa mashine ya nywele.

Katika tabaka la pili vilijitokeza vijishimo vya mviringo kama macho ya samaki, palepale karibu na mshono ambapo tone la maji halikuzama siku ile ya usafi. Niliona dalili nikaipuuza. Nimesimama, nimepasugua tena kwa alkoholi, nimepitisha msasa, nimeanza upya kiganja kizima.

Mwisho ni tabaka la uwazi la kulinda, lililochanganywa na kigumishi chake kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mchanganyiko huo haukai, usipotumika kwa saa chache unaharibika, hivyo nilichanganya mililita 60 tu. Nimechagua lisilong'aa. Najua wengi hapa wanapenda kiti king'ae, lakini ngozi ya kiwandani ya gari hili ilikuwa na mwako hafifu, na mng'ao mkali ndio unaofichua kwamba mtu amepaka.

Jumamosi, 26 Julai

Baada ya wiki nzima ya kukomaa ndani, kiti kimerudi garini. Plagi ya manjano imeingia hadi ikalia, bolti nne zimekazwa, betri imerudishwa mwisho kabisa. Taa ya mfuko wa hewa iliwaka kwa sekunde kadhaa kama kawaida, ikazimika. Mke wangu alikaa, akapitisha kiganja ubavuni na kuuliza kiraka kiko wapi. Nimemwomba aingie kwa kukaa kwanza ndipo azungushe miguu, naye amekubali kwa masharti kwamba nami nifanye hivyo hivyo.

Jumapili, 10 Agosti

Ukaguzi baada ya wiki mbili za matumizi, ikiwamo safari ya Tukuyu na kurudi kwenye mvua ya Rungwe, na siku mbili za kwenda maonyesho ya Nane Nane, vumbi likiingia hadi kwenye redio. Nimefuta kiti kwa kitambaa cheupe chenye maji: kitambaa kimetoka na vumbi, hakikutoka na rangi. Kiraka hakionekani, kwa kidole kinahisika kidogo. Sponji haijalala.

Kuna ufa mmoja umerudi, wenye urefu wa milimita 6, kwenye kona ya mshono wa mbele, ambako kijazio nilikiweka kinene kuliko nilivyoandika hapo juu kwa sababu jioni ya Sabasaba nilikuwa nimechoka. Jumamosi ijayo nitaukwangua hadi kwenye ngozi na kuujaza tena taratibu. Rangi ya mchanganyiko wa tisa imebaki mililita 90 hivi, imefungwa vizuri na kuandikwa tarehe, nayo inatosha kwa ufa huo na kwa kiti cha abiria, ambacho sasa, kikiwa kando ya hiki, kinaonekana kimechakaa kuliko nilivyodhani.